Dirisha la Baba Mkwe

Tusekile alimlaza panya kifudifudi juu ya kitanda chenye joto, akamvisha barakoa ndogo ya dawa ya usingizi, akangoja pumzi zake zitulie. Kisha akafanya jambo ambalo kwa panya wengine wa chumba kile hakuwahi kulifanya hata siku moja. Aligeuza uso ukutani.

Mikono iliendelea na kazi peke yake. Vidole vilipapasa manyoya meupe ya mgongo mpaka vikakuta duara la chuma lililoshonewa ngozini, na katikati ya duara hilo kioo, chembamba kama ukucha. Akakiingiza kioo mahali pake chini ya hadubini, akasikia kikibana, akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza kuvuma. Mbele ya macho yake palikuwa na kalenda ya kiwanda cha chai, na Tusekile aliisoma kalenda hiyo kama mtu anayesoma Zaburi, mpaka mlio wa kumaliza ukasikika.

"Uvimbe umepungua tena," ilisema mashine kwa sauti yake ya upole. "Hali ni nzuri. Dawa iendelee."

Alipaswa kufurahi. Ndani ya mgongo wa panya huyo kulikuwa na kipande cha saratani ya utumbo kilichotolewa kwa mtu, nacho kilikuwa kinakunywa dawa ileile aliyokuwa akidungwa mtu huyo. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo katika Kituo cha Pacha pale Tukuyu. Mgonjwa wa saratani hakupewa dawa kwa kubahatisha. Nyama ya uvimbe wake ilipandikizwa kwa panya wasio na kinga ya mwili, wasioweza kuikataa, nao waliitwa pacha wake. Pacha alitiwa dirisha mgongoni. Kila asubuhi alilazwa chini ya leza, na seli za saratani, zilizokwisha kutiwa mwanga wa kijani, zilionekana zikiishi: zikigawanyika, zikihama, zikifa. Mishipa ya damu ilionekana myekundu. Dawa ikishinda kwa pacha, mgonjwa aliendelea nayo. Ikishindwa, ilibadilishwa kabla haijamdhuru.

Watu wengi walipona kwa njia hiyo, na watu wakipona hudai heshima pia. Mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wa kituo aliwahi kuuliza hadharani: nyama ile ni yangu, basi anayeitazama ananitazama mimi wapi, na kwa ruhusa ya nani? Swali lake likazaa Sheria ya Dirisha. Tangu hapo mgonjwa aliulizwa, na jibu lake likarekodiwa kwa sauti yake mwenyewe: dirisha lako lisomwe na jicho la mtu, au na mashine peke yake? Karibu wote walichagua mtu. Mashine ilijua kupima ukubwa na wingi wa mwanga, basi. Msomaji mzuri alijua mengine yasiyo na kipimo, na katika nyanda zile zote, kuanzia Mbeya hadi ziwani Kyela, msomaji mzuri alikuwa Tusekile.

Mgonjwa mmoja tu ndiye aliyesema, "Mashine iangalie. Mtu asiangalie. Na mkwe wangu hasa."

Mgonjwa huyo alikuwa baba mzazi wa mume wa Tusekile. Jina lake Tusekile hakulitamka, maana mkwe wa Kinyakyusa halitamki jina la baba mkwe, na sisi tunaoisimulia habari hii tukiwa nyuma yake hatutamtangulia. Zamani mkwe na baba mkwe hawakuonana kabisa. Akisikia kikohozi chake, mwanamke aliacha njia akajitosa migombani. Wengi wameacha mambo hayo. Makanisa yalihubiri, shule zikafundisha, na nyumba za kupanga zikamalizia, maana katika vyumba viwili utamkimbilia wapi baba mkwe? Lakini mzee huyu wa kijiji cha Kyimo hakuacha. Siku ya harusi alikaa nyuma ya nyumba mpaka bibi arusi alipoingizwa ndani. Miaka yote ya ndoa yake Tusekile alikuwa ameujua mgongo wake, kofia yake, na kikohozi chake kwa mbali. Uso wake hakuujua. Nao mzee alimpenda kwa namna hiyohiyo ya kujificha: mkungu wa kwanza wa ndizi za kila msimu uliachwa mlango wa nyuma, hauna barua wala mjumbe, na kila mtu alijua ni wa nani.

Basi asubuhi hiyo Tusekile alimvua pacha barakoa, akamweka kiganjani aamke. Hapo ndipo alipoona mbavu.

Zilikuwa zimetokeza. Kifua kidogo kilipanda na kushuka harakaharaka, pumzi fupifupi, kama za mtu aliyepandisha mlima na mzigo. Panya anayepona hula, akanenepa, akawa mkorofi. Huyu hata kichwa alikiinua kwa shida. Tusekile alikuwa ameziona pumzi za namna hiyo kwa pacha wengi, na kila mara ziliambatana na kitu kimoja: saratani imefika mapafuni.

"Hali ni nzuri," ilisema mashine tena, kwa kuwa hakuwa ameizima.

Alisimama. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura mbili. Kesho asubuhi muuguzi angepanda Kyimo na sindano nyingine ya dawa ileile. Na kioo kilikuwa pale, chini ya kidole chake.

Akamrudisha pacha kwenye usingizi. Akamlaza. Safari hii hakugeuza uso.

Mwanzoni aliona mazuri. Katikati ya uvimbe palikuwa pametulia, seli zimekufa na mwanga wake umezimika, pamebaki makovu matulivu. Dawa ilikuwa imefanya kazi pale, mashine haikusema uongo. Kisha akaisogeza lenzi kuelekea pembeni, taratibu, kama anavyofanya mkulima anayekagua uzio wa shamba lake, na pembeni akakuta waliotoroka.

Seli zilizosalimika zilikuwa zimebadilika umbo. Hazikuwa duara tena, zilikuwa ndefu, nyembamba, zimejinyoosha. Zilipanda juu ya nyuzi nyeupe zinazoshikilia nyama ya mwili, moja nyuma ya nyingine, bila haraka, zikiufuata uzi mpaka ukingoni mwa mshipa wa damu. Hapo ya mbele ilisimama. Ikapenyeza ncha yake kwenye ukuta wa mshipa, ikajibana, ikaingia nusu, ikaingia yote. Damu ikaichukua. Ya pili ikasogea mahali pake.

Tusekile alitazama mpaka macho yakamuuma. Dawa ilikuwa inaua walio katikati na kuwafukuza walio pembeni, na kila sindano ilikuwa inafungua milango zaidi. Uvimbe ulipungua kweli. Ulipungua kwa sababu ulikuwa unahama.

Na mashine haikuwa imeona pembeni hata siku moja. Hilo alilielewa akiwa bado ameinama. Kwa pacha wengine yeye mwenyewe ndiye aliyeizungusha lenzi kando zote kabla ya kuikabidhi mashine kazi. Kwa pacha huyu, siku ile ya kwanza kabisa, aliifunga lenzi huku uso wake uko kwenye kalenda. Vidole vilipapasa, vikaangukia katikati, na katikati pakabaki kuwa ndiyo dunia yote ya mashine. Hakuna msomaji mwanafunzi ambaye angefanya kosa hilo. Lilihitaji mtu mwenye adabu.

*

Dakta Anyelwisye, mkuu wa kituo, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo, mwenyeji wa Rungwe kama yeye. Alisikiliza akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi, na aliposikia mwisho akakaa.

"Umeangalia mwenyewe? Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, daktari."

"Na sauti yake ya kukataza umewahi kuisikia?"

"Naijua kwa moyo."

Daktari alikwenda kufunga mlango. Nje mvua ya Tukuyu, isiyojua kuchoka, ilikuwa inapiga bati. "Nikikuandikia taarifa kama ulivyonieleza, leseni yako imekwenda," alisema. "Na ulichokiona hakitumiki, sheria haikitambui, mpaka mwenye dirisha mwenyewe akihalalishe. Unaelewa? Tutakuwa tumekupoteza wewe, na mzee bado anadungwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

"Basi nisikilize." Akaivuta sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi. "Nitasema vipimo vya ini lake vimenitia wasiwasi. Ini tu. Ninaisimamisha dawa kuanzia leo, ni mamlaka yangu. Hakuna anayeuliza. Mzee anapona aibu, wewe kazi yako inapona, nyumba yenu inapona. Mgonjwa haulizwi uji, Tuse."

"Huyu aliulizwa," alisema Tusekile. "Akajibu."

Daktari akakizungusha kikombe mkononi.

Tusekile alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla hajagonga mlango, na tuseme ukweli, lilikuwa limemvuta sana. Nani asingevutwa? Uongo mdogo, safi, wenye huruma, na hakuna anayeumia. Alikwisha kumpigia simu mume wake, Lugano, aliyekuwa kazini bandarini Kyela, na Lugano naye alimwambia vilevile: usimwambie baba, mke wangu, atajiona amevuliwa nguo mbele ya mkwe wake, na mzee yule nguo ndiyo iliyombakiza hai. Hoja zote zilikuwa upande wa kunyamaza.

"Ukisimamisha dawa hii, utampa ipi nyingine?" alimuuliza daktari.

"Tutajaribu zilizobaki kwa pacha wake wengine."

"Na nani atasoma pembeni kuona kama nazo zinafukuza? Mashine haijui kutofautisha anayekufa na anayeondoka. Wote kwake wamepungua." Alijifuta uso kwa mkono. "Itabidi niangalie mimi. Leo nimechungulia mara moja. Kesho nichungulie tena, na keshokutwa, mpaka lini? Niwe naingia ndani ya mzee wa watu kila siku kama mwizi, halafu jioni nakula ndizi zake?"

"Akikataa je? Akisema, kwa kuwa mkwe wangu ameniona sitaki tena pacha wala dawa, niacheni? Namjua. Anaweza."

"Anaweza," alikubali Tusekile, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu hilo ndilo aliloliogopa kuliko leseni. Ukweli ungeweza kumuua mzee kwa haraka kuliko ugonjwa. Uongo ungeweza kumwongezea siku. Na bado hakuona ni vipi siku hizo zingekuwa za mzee, ikiwa zimepatikana kwa kumfanyia hasa kile alichoomba asifanyiwe.

Daktari alimpa leso ya karatasi. Alikunywa chai yake yote kabla ya kusema neno.

"Nitasimamisha sindano ya kesho," alisema mwishoni. "Hiyo tu. Sababu utaileta wewe kutoka Kyimo."

*

Alipanda Kyimo kwa bodaboda ya umeme, akashuka mbali kama ilivyompasa, akaingia kwa njia ya nyuma inayopita katikati ya mibuni. Alipofika karibu na jiko alikohoa mara mbili. Ndani ya nyumba kiti kilikwaruza sakafu, mlango wa chumba cha mbele ukarudishwa. Ndivyo walivyokaribishana miaka yote.

Mama mkwe, Tupokigwe, alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kitenge. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Mama Asajile! Saa hizi? Mtoto mzima?"

"Mzima, mama. Nimekuja kwa baba."

"Kwa baba." Mama mkwe alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Haya. Kaa."

Hakumuuliza zaidi. Alileta kigoda akakiweka ukumbini ili Tusekile akipe mgongo chumba cha mbele, akaufungua mlango kidogo. Yeye akasimama kizingitini. Hivyo ndivyo maneno yalivyopita katika nyumba ile: mkwe husema na ukuta, mama akayachukua, akayaingiza ndani, akatoka na majibu, ingawa kila mmoja alikuwa amekwisha kusikia.

"Mwambie baba namsalimu."

"Anakusalimu," alisema mama.

"Ndaga," ikatoka sauti ya ndani, ikishukuru kwa Kinyakyusa. "Mwambie ndaga. Muulize kuna nini."

"Anauliza kuna nini."

Tusekile alishika magoti yake. "Mwambie dawa haiponyeshi. Mwambie kituo kimeisimamisha."

Mama aligeukia mlango. "Dawa haiponyeshi, baba Lugano. Wameisimamisha."

"Mashine ilisema inaponyesha. Muulize nani amesema vingine."

Swali lilikuwa limefika mapema kuliko alivyotarajia. Mama mkwe aligeuka kumngoja. Tusekile akasema, "Mwambie nimeangalia mimi."

Mama hakuyachukua maneno hayo. Alisimama pale kizingitini, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya kifua. Akamwangalia mkwe wake, akauangalia mlango, akatikisa kichwa.

"Hilo siwezi kulisema, mwanangu," alinong'ona. "Nisamehe. Hilo kalipitishe kwingine."

Hapakuwa na kwingine. Mvua ilikuwa imepungua. Tusekile alitazama ukuta ulio mbele yake, ukuta wa matofali ya kuchoma usiopakwa rangi, akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe alisema na baba mkwe wake moja kwa moja.

"Nimekuona, baba. Leo asubuhi. Ulikataza, nami nikaangalia."

Kiti kikakwaruza, kwa nguvu, kama mtu aliyetaka kusimama akaghairi.

"Umeniona," ilisema sauti. Haikupitia kwa mama.

"Ndiyo, baba."

"Nilisema mashine."

"Ulisema."

"Nilisema na mkwe wangu hasa! Nilitaja!" Kikohozi kikamkata. Mama mkwe akaingia ndani mbio, na Tusekile akabaki peke yake na ukuta, akisikia maji yakimiminwa, akisikia mzee akihema. Alijua pumzi zile. Alikuwa amezishika kiganjani asubuhi ileile. Alitaka kukimbia. Badala yake aliendelea kusema, kwa kuwa alijua akinyamaza sasa hataanza tena.

Akamweleza yote. Akamweleza waliokufa katikati na waliojinyoosha pembeni, wanavyoufuata uzi mpaka kwenye mshipa, wanavyoingia. Akamweleza kwamba kila sindano ilikuwa inawafukuza zaidi, na kwamba kwa pacha walikwisha kufika mapafuni, na kwake pia huenda wamefika. Halafu akafika kwenye lile lililomchoma zaidi, akalisema pia: siku ya kwanza aliifunga lenzi huku ameuelekeza uso ukutani, ndiyo sababu mashine ilitazama mahali pamoja tu kwa muda wote huo.

"Ngoja," alisema mzee. Sauti ilikuwa imeshuka. "Ungeangalia tangu mwanzo, kama unavyowaangalia wengine. Ungewaona wanatoka?"

Mama mkwe alikuwa amerudi kizingitini. Macho yake yalimsihi Tusekile. Sema hapana. Hata Mungu angemsamehe.

"Ningewaona, baba. Ningewaona tangu sindano ya kwanza."

Walisikia kuku uani, walisikia matone yakidondoka kutoka kwenye migomba. Kisha ukatoka mlio ambao Tusekile alidhani ni kikohozi kingine, mpaka alipotambua kuwa mzee anacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata kidogo.

"Heshima yangu na heshima yako zimekaa kikao," alisema, "zikanipangia kifo, na sisi wenyewe hatukualikwa."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Ulichokifanya ndicho nilichokuomba." Akahema. "Mwanaume unajificha miaka yote ili mkwe asikuone uso. Unakaa nyuma ya nyumba siku ya harusi ya mwanao, unasikia ngoma kwa nyuma. Halafu anakuona utumbo. La kuvunda halina ubani. Lugano anajua?"

"Anajua. Alisema nisikwambie."

"Na daktari?"

"Naye alisema hivyohivyo."

"Wewe ukaja."

"Nilishindwa kuendelea kukuchungulia, baba. Kama nikikuangalia, ujue. Kama hutaki, nitaacha, hata kama..." Hakulimalizia. "Nitaacha."

Hilo ndilo alilopanda Kyimo kulisema, na baada ya kulisema hakuwa na kingine. Kama mzee angesema acha, angeacha. Angerudi kituoni, angewalaza pacha wale usingizi wa mwisho kwa upole, mmoja baada ya mwingine, na mzee angekufa amefunikwa, kama alivyotaka. Tusekile aliinamisha kichwa. Hakujua aombe nini.

Mama mkwe alikaa chini pale kizingitini.

"Mama Lugano," alisema mzee, "leta hiyo simu yao ya kurekodia."

"Unataka kusema nini, mume wangu?"

"Leta."

Simu ikapita kutoka mkononi mwa Tusekile kwenda kwa mama, kutoka kwa mama kwenda ndani. Mzee alijikohoza kama mtu anayetaka kusimama kanisani. Alitaja jina lake kamili, na Tusekile, kwa mazoea, akaziba masikio mpaka mama alipomgusa bega.

"...dirisha langu," sauti ilikuwa inasema, "lisomwe na mke wa mwanangu Lugano. Kwa macho yake. Alichokiona leo, kihesabiwe kuwa nilimtuma mimi." Akavuta pumzi. "Sikumtuma. Lakini kihesabiwe hivyo. Leseni yake ni shauri lake na wakubwa zake, mimi hilo siliwezi."

Simu ikarudi kwa njia ileile. Tusekile aliipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti kuuelekea ukuta, kwa kuwa hakujua aelekee wapi kwingine.

"Mwanangu," alisema mzee. Hakuwahi kumwita hivyo, wala kumwita kwa lolote. "Usije ukadhani mambo yameisha. Uso wangu sikupi. Huo nitakuficha mpaka siku ya kunizika, na hata siku hiyo utapita mbali. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Lakini huko ndani, ingia. Na usiangalie kwa kuibia tena. Angalia kama mtu aliyetumwa."

*

Alasiri hiyo Dakta Anyelwisye alisikiliza rekodi mara mbili, akavua miwani, akampisha. Mambo ya leseni, alisema, bodi itayajadili, na hatamdanganya kuwa yatakuwa mepesi. Kwa sasa kuna mgonjwa.

Tusekile alimlaza pacha. Alikivuta kiti, akakaa kama anavyokaa mtu mwenye kazi ndefu, akaiweka simu kando ya hadubini na kupiga Kyimo. Alitegemea mama mkwe. Aliyepokea alikuwa mzee mwenyewe.

"Umefika?"

"Nimefika, baba. Niko kwenye dirisha."

"Wanafanyaje?"

Aliizungusha lenzi pembeni yote, hakuharakisha. Msururu ulikuwepo. "Wanatoka bado."

"Wengi?"

"Wengi, baba."

Mzee hakukata simu. Pumzi zake, fupi, zilimjia Tusekile sikioni, na chini ya lenzi kifua cha pacha kilipanda na kushuka kivyake. Alidhani mzee atauliza amebakiwa na muda gani. Alikuwa amejiandaa kujibu kweli.

"Kuna mahali hapo ndani pazuri?" aliuliza mzee.

Tusekile alirudisha lenzi nyuma, mpaka katikati, kwenye makovu matulivu ambako hakuna kilichokuwa kinawaka.

"Papo. Katikati. Hapo dawa ilishinda, baba. Hapo umepona."

"Basi anzia hapo kunieleza," alisema mzee. "Halafu unipeleke taratibu huko kwingine."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akairekebisha lenzi, akaanzia hapo.